Wana Mwanza: kwa nini uani kwangu Buswelu hakuna ndege, na kwa mama Nyegezi wamejaa?

#1 Mkazi wa Buswelu

Wakuu, habari za jioni.

Nimehamia Buswelu kwenye nyumba niliyonunua kwa mtu. Aliyeijenga alipenda mambo yanyooke: mbele pevingi tupu, pembeni ukoka, ukuta mzima umezungushiwa miashoki iliyosimama mstari mmoja, getini mikrismasi miwili. Kijani kipo, kivuli kipo, ila ndege hakuna. Kunguru anatua juu ya tenki, anaangalia huku na huku, anaondoka. Basi.

Mama anakaa Nyegezi. Kule uani ni vurugu tupu: mkuyu wa zamani uliojibana kwenye mawe, mpera, mkwaju, uzio wa minyaa upande wa nyuma (wengine mnaiita manyara), na vichaka ambavyo hata majina sivijui. Alfajiri kelele za ndege zinakuamsha kabla ya adhana. Vipepeo wanaingia mpaka jikoni. Wale mijusi wa kichwa chekundu na mwili wa bluu wanaota jua juu ya mawe mchana kutwa.

Mji mmoja, mvua moja. Hoja yangu ni kwamba miti ya kigeni inawanyima viumbe wetu chakula. Nataka kung'oa miashoki yote nipande miti ya asili. Kabla sijaita mtu wa msumeno, naomba walioona mabadiliko kwao watiririke. Mlipanda nini?

#2 Ngosha wa Igoma

Nimeweka kambi hapa. Wajuvi njooni.

#3 Bibi Shamba

Mkazi, uko sahihi na nitakueleza kwa nini. Watu wakisikia "mti wa ndege" wanafikiria matunda. Matunda ni sehemu ndogo. Ndege wote wanalisha makinda yao wadudu, hasa viwavi, kwa sababu kinda linahitaji nyama ili likue haraka. Na viwavi wengi hawali kila jani. Jani lina kemikali zake za kujilinda, na mdudu amezoea zile za miti aliyokaa nayo maelfu ya miaka. Ukileta mti kutoka bara jingine, wadudu wa hapa wanaupita.

Kuna profesa wa Marekani, Doug Tallamy wa Chuo Kikuu cha Delaware, amelifanyia kazi jambo hili muda mrefu. Anasema mialoni ya kwao inalisha aina zaidi ya 500 za viwavi, wakati mti wa ginkgo uliotoka Asia unalisha aina chache za kuhesabu kwa vidole. Mtu anausifu mti kwamba "haushambuliwi na wadudu", hajui amesifia meza isiyo na chakula.

Mwashoki asili yake India ya kusini na Sri Lanka. Kwao una kipepeo wake anayetaga juu yake. Hapa kwetu kipepeo huyo hayupo.

#4 Mwalimu wa Bwiru

Bibi Shamba, shikamoo. Marekebisho kidogo: si ndege *wote*. Njiwa, tetere na pugi hulisha makinda yao maziwa mazito yanayotengenezwa kwenye mfuko wa chakula shingoni, halafu mbegu. Ndiyo maana tetere anaishi popote, hata stendi ya mabasi. Ila kwa chozi, kwera na shorewanda upo sahihi. Hata chozi tunayemwona kwenye maua anapeleka buibui na wadudu kiotani.

#5 Bibi Shamba

Marahaba mwalimu. Nimeipokea.

#6 Kijana wa Mabatini

Mnapindisha mambo. Mpera umetoka Amerika, na huyo huyo mtoa mada anausifia uani kwa mama yake. Mpapai nao Amerika. Mwembe Asia. Niambieni ndege gani wa Mwanza anayesusa embe? Na ile mivuti iliyojaa kando ya barabara ya kwenda Kisesa, ile yenye maua ya njano na waridi, imetoka Amerika na vipepeo wamejaa juu yake. Ugeni siyo tatizo. Acheni ubaguzi wa miti.

#7 Mwalimu wa Bwiru

Kijana, tenganisha kula na kuzaa. Kipepeo mkubwa anakunywa nekta ya ua lolote lenye sukari. Kutaga ni habari nyingine, anachagua jani ambalo mtoto wake ataliweza.

Chukua mfano mmoja ambao kila mtu anaweza kuuona. Nenda kwenye mlimao au mchungwa wowote mdogo, geuza majani machanga. Utakuta kitu kidogo cha kahawia chenye doa jeupe, utadhani ndege kajisaidia hapo. Ni kiwavi. Akikua anageuka kijani na kunenepa. Mguse mgongoni kwa kijiti: nyuma ya kichwa zinachomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa, na inatoka harufu kali inayokaa puani. Anatisha adui. Huyo ndiye baadaye anakuwa yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano anayezunguka Mwanza nzima.

Sasa mlimao ni mgeni, sivyo? Lakini una ndugu zake wa asili hapa Afrika, na kipepeo huyu alikuwa akiwala hao kabla malimao hayajafika. Aliruka kutoka kwa ndugu kwenda kwa ndugu. Kwa hiyo jibu langu liko katikati: si kila mgeni ni meza tupu. Inategemea kama ana ukoo hapa.

#8 Mama Junior wa Kiseke

Mimi nina miashoki kama ya mtoa mada, mstari mzima ukutani, na ndani yake kuna viota vya tetere kila msimu. Kwa hiyo sielewi hiyo habari ya kwamba inafukuza ndege. Kwangu tatizo lilikuwa jingine. Mtaani kwetu watoto walikuwa wanazunguka na manati jioni. Wazazi tulikaa kikao tukazipiga marufuku, na ndege wakaongezeka bila kupanda hata ua. Mkazi, chunguza manati na paka kwanza.

#9 Mwalimu wa Bwiru

Mama Junior, soma #4. Tetere tena!

#10 Mama Junior wa Kiseke

Haya mwalimu, tetere naye si ndege?

#11 Bint Ukerewe

Wote mnaruka jambo kubwa. Nyegezi ni ziwani, Buswelu ni juu ya nchi kavu. Mmesahau wale wadudu wa ziwa wanaopanda juu ya maji mpaka unadhani ni moshi? Upepo ukiwaleta ufukweni, mbayuwayu wanashuka kwa mamia, mijusi wanakula, buibui wanakula, asubuhi chini ya taa unafagia wadudu kwa beleshi. Hicho chakula hakikutoka kwenye mti wowote, wa asili wala wa kigeni. Kimetoka kwenye tope la chini ya maji ambako lava wake, yaani watoto wa hao wadudu, hukua.

Ongeza mafunjo na matete ya ufukweni ambako kwera wanajenga, ongeza mawe yenye mapango ya mijusi na pimbi. Hata mama yake angepanda miashoki mia, Nyegezi ingebaki na ndege. Mtoa mada unailaumu miashoki bure.

#12 Jirani wa Luchelele

Nakazia #11. Na mafunjo yenyewe yanaisha, watu wanafyeka wapate mwonekano wa ziwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Tembea Luchelele uone ukuta wa nani unagusa maji. Hatuwezi kuwa tunapanda vichaka uani huku tunaua kichaka kikubwa kuliko vyote.

#13 Ngosha wa Igoma

Uzi umeanza kunoga. Ila mimi nataka majina ya miti, siyo mashitaka.

#14 Mwalimu wa Bwiru

Ngosha, anza na mkuyu. Bint Ukerewe ana hoja juu ya ziwa, lakini ule mkuyu wa Nyegezi usiuchukulie poa.

Chukua kuyu bichi, lipasue kwa kisu. Ndani hakuna nyama kama ya pera, kuna mamia ya maua madogo yamejipanga kuzunguka ukuta. Angalia kwa makini utaona vijidudu vidogo kuliko sisimizi. Hao ni nyigu wa mkuyu. Jike anaingia kwa tundu la mbele, linabana mpaka mabawa yanakatika, anachavusha, anataga, anafia humo humo. Watoto wake wakikomaa, madume wanatoboa njia na majike wanaruka kutafuta mkuyu mwingine wenye makuyu machanga. Misri waliupanda mkuyu tangu enzi za mafarao, lakini nyigu wake hakufika nao, ikabidi watu wayakate makuyu kwa kisu ili yaive.

Sasa ili nyigu asife njaa, mikuyu haizai yote kwa wakati mmoja. Huu unaiva Juni, ule Septemba. Ndiyo maana kiangazi kila kitu kikikauka, mkuyu bado una chakula. Pasa wenye mikia mirefu wanakuja, zuwakulu wanakuja, na yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo wa njano ambaye sauti yake utadhani watu wanachekana barazani. Usiku popo.

#15 Fundi Karo

Mwalimu anakutamanisha mkuyu, mimi ndiye ninayeitwa baadaye. Mizizi ya mkuyu inafuata maji. Inaingia kwenye bomba la maji taka, inainua msingi, inapasua ukuta wa jirani. Kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20 usipande. Kwenye mawe ya mama Nyegezi sawa, hapo hakuna bomba.

#16 Mama Junior wa Kiseke

Na popo jamani? Wanachafua ukuta, halafu kuna magonjwa. Machi 2023 Kagera walipata Marburg, na Januari 2025 ikatokea tena Biharamulo.

#17 Mwalimu wa Bwiru

Tahadhari yako ni ya haki. Virusi vya Marburg vinabebwa na popo wala matunda wanaolala mapangoni na kwenye migodi. Usimshike popo, usile tunda lililong'atwa, watoto wasicheze chini ya mahali popo wanapolala. Lakini usiwafukuze na moto. Mvule, mbao tunayoililia wote, mbegu zake zinasambazwa na popo.

#18 Nshomile wa Kashai

Mmeutaja mvule, ngoja na sisi wa ng'ambo ya ziwa tuongee. Huku Bukoba tuna mushambya, ule wenye maua ya njano makubwa, nyuki hawabanduki. Wajaluo wa Rorya wanauita siala. Mnyoofu, hauchukui nafasi, ukiukata unachipua tena, mbao yake inajenga. Huo ndio wa kiwanja kidogo.

Ila nina swali kwenu mnaosema "asili". Kuna mti unaitwa musizi. Huku Kagera ni wa kwetu kabisa, unaota wenyewe msituni. Wajerumani waliupeleka Amani, kule Usambara, mwanzoni mwa karne iliyopita. Hondohondo wakapenda matunda yake, wakasambaza mbegu, leo umevamia msitu wa kule na wahifadhi wanahangaika nao. Nchi moja ya Tanzania, mti mmoja: Bukoba mwenyeji, Amani mvamizi. Je, mushambya wangu nikiuleta Buswelu ni mwenyeji au mgeni?

#19 Ngosha wa Igoma

Nshomile, ninyi hata mti wenu lazima uwe umeenda kusoma mbali!

#20 Nshomile wa Kashai

Na ukafaulu, Ngosha. 😂

#21 Kijana wa Mabatini

Hiyo #18 imenipa nguvu. Ndicho nilichokuwa nasema.

#22 Bibi Shamba

Hapana kijana, imekupinga. Musizi umeharibu Amani *kwa sababu* ni mgeni pale, ingawa ndege waliupenda. Sisi watu wa ziwa tungepaswa kulielewa hili kuliko Mtanzania yeyote. Sangara aliletwa miaka ya 1950, analiwa, anauzwa Ulaya, amejenga nyumba nyingi Kirumba. Na furu wetu wako wapi? Mamia ya aina, nyingi zilipotea ndani ya miaka ya 1980. Kupendwa siyo kipimo.

#23 Mzee wa Misungwi

Hamjambo vijana. Mnabishana kuhusu asili ya Usukuma kama vile mmewahi kuiona. Wakati wa mkoloni vichaka vya Usukuma vilifyekwa maeneo makubwa ili kuondoa mbung'o. Ng'ombe wakaongezeka, pamba ikafuata, miti ikaisha. Tuliozaliwa baadaye tukadhani nchi iliumbwa hivi, mawe na nyasi.

Wazee walikuwa na ngitili. Eneo linafungwa mvua zikianza, mifugo haiingii, nyasi zinatunzwa za kiangazi. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza mwaka 1986, kazi kubwa haikuwa kupanda. Ilikuwa kuacha. Visiki na mizizi vilikuwa hai chini, ukivipa nafasi vinachipua vyenyewe: migunga, miti ya dawa, yote.

Kwa hiyo mwenye nyumba wa Buswelu, kabla ya kununua mche nakushauri kitu cha bure. Chagua kona moja usifagie. Majani yakianguka yaache. Sisi tuna ugonjwa wa kufagia mpaka udongo unang'aa. Chini ya majani ndipo jongoo anaishi, mende wa porini, mchwa, minyoo. Kurumbiza na wenzake wanachakura hapo. Nina hakika mama yako huko nyuma hafagii.

#24 Mama Junior wa Kiseke

Shikamoo mzee. Na nyoka je? Mimi nina watoto wadogo.

#25 Mzee wa Misungwi

Marahaba mwanangu. Kona hiyo iwe mbali na mlango na madirisha, njia ya kupita iwe wazi, usirundike matofali na mabati hapo. Nyoka anafuata panya, panya anafuata chakula kilichomwagwa. Uani kwa mtu anayeacha pumba za kuku wazi kuna nyoka hata kama hana jani moja.

#26 Mkazi wa Buswelu

Nimesoma yote, asanteni sana. Nijibu mlichouliza. Manati mtaani kwetu hakuna. Paka wapo wa majirani. Mama kweli nyuma hafagii, nimempigia simu amecheka. Na hajawahi kupuliza dawa. Huku kwangu kijana anayetunza bustani ameniambia mwenye nyumba wa kwanza alikuwa anapulizia dawa ukoka wote na kuta kila mwezi kuzuia sisimizi na mbu.

Kwa hiyo sasa nina dawa, pevingi, miashoki, umbali wa ziwa na ufagio. Kiwanja ni kidogo na karo liko upande wa kulia. Nipande nini?

#27 Kijana wa Mabatini

DAWA! Kila mwezi! Uzi ungeisha hapo.

#28 Bibi Shamba

Dawa iache leo. Lakini ukiiacha na miashoki ikabaki peke yake, wadudu watarudi kula nini?

Kwa kiwanja chako: mbele weka mwambangoma mmoja. Unapukutisha majani, halafu matawi matupu yanatoa maua mekundu ya moto, na hapo chozi utawaona wakigombana kuanzia asubuhi. Unaota kwa tawi, chomeka tu mvua zikianza. Nyuma ya nyumba mkwaju, ule wanaouita nshishi. Wengi wanadhani umetoka India, asili yake ni Afrika hii hii. Haukui haraka, vumilia. Ukutani, badala ya kuondoa miashoki yote, toa mmoja mmoja na kati yake weka mtobo. Wewe utakula matobo, nyuki watapata maua. Chini mishubiri ya porini, inatoa maua kiangazi wakati mengine hayana kitu.

Mvungunya ni mzuri sana, maua yake yanafunguka usiku na popo wanayachavusha, lakini tunda lake lina kilo kadhaa. Usipande unapoegesha gari.

#29 Fundi Karo

Mwambangoma una miiba kwenye gome, uweke mbali na njia. Na zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi watoto wanapenda kuchezea. Zina sumu wakizitafuna. Minyaa pia, utomvu wake ukiingia jichoni ni hospitali.

#30 Mtu wa Dar

Nyie mnalalamika ndege hawapo, sisi huku tuna kunguru wa India waliotokea Zanzibar walikoletwa miaka ya 1890. Wanakula mayai na makinda ya kila ndege mdogo. Unapanda mti, chozi anajenga, kunguru anavuna. Kabla ya miti angalia takataka, jalala wazi ndilo linalowaleta.

#31 Jirani wa Luchelele

Mimi ningeanza na maji. Juni hadi Septemba Mwanza panakauka. Weka karai au sahani pana ya udongo, maji yasizidi kina cha vidole viwili, jiwe katikati la kusimamia. Yabadilishe kila baada ya siku mbili, yai la mbu linahitaji kama wiki moja hadi mbili kuwa mbu kamili, hutampa nafasi.

#32 Ngosha wa Igoma

Miche tunapata wapi? Vitalu vya barabarani ni miashoki na maua tu.

#33 Mwalimu wa Bwiru

Ulizia vitalu vya TFS, wale Wakala wa Huduma za Misitu, lakini sema mapema unataka miti ya asili, la sivyo utapewa mitiki na mikaratusi. Mkwaju usinunue mche. Nunua ukwaju sokoni, kunywa juisi, mbegu loweka usiku mmoja kisha otesha kwenye vifuko. Mbegu za mgunga ndizo zinataka maji ya moto, mimina na uziache zipoe humo humo mpaka asubuhi.

#34 Bint Ukerewe

Bado nasimama na ziwa langu. Lakini Mkazi, hujatuambia kitu kimoja. Taa za ukutani unazima saa ngapi? Nondo wanazunguka taa mpaka kunakucha badala ya kutaga, na viwavi wengi Bibi Shamba anaowataka ni watoto wa nondo.

#35 Mkazi wa Buswelu

Zinawaka usiku kucha. Mlinzi hataki zizimwe.

#36 Kijana wa Mabatini

Weka za rangi ya njano, zenye mwanga mdogo, zielekee chini. Wadudu wanavutwa zaidi na mwanga mweupe. Na mtu wa msumeno mwambie asubiri, Mama Junior amekwambia kwake kuna viota kwenye miashoki. Panda juu ukague wa kwako kwanza.

#37 Bibi Shamba

Hapo tumekubaliana kijana. Kwa mwashoki bado.